Giaboksi ya Kariuki Haikuwa Mbovu

Kwanza mnisamehe mwandiko. Mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu, na shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo herufi zangu zinalala kila moja upande wake, na mahali pengine nimeandika kama ninavyosikia, si kama inavyoandikwa vitabuni. Ukurasa mmoja unanimalizia jioni nzima. Faida, aliyeniamuru niandike, amekataa kunisahihishia. Alisema makosa ya maandishi ni madogo, niyaache yakae. Yale mengine niyaseme bila kuruka hata moja.

Papa Byamungu, baba yake Faida, alifariki mwaka huu, theluji ilipoanza kuyeyuka. Nilitoka Buffalo alfajiri, nikapita Columbus bila kusimama, nikafika Louisville mchana, kwenye ile ile apartment ya Highview niliyokaa nikiwa kijana. Viatu vilijaa ngazini. Ndani walikuwa wameondoa kochi ili watu wa msiba wapate nafasi, na mahali lilipokuwa, kapeti bado lilikuwa na alama nne za miguu yake. Nilipewa sahani ya wali, samaki na sombe, yale majani ya muhogo, nikakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Wanaume watatu walikuwa wakisimulia vituko vya marehemu. Mmoja wao, mwimbaji wa besi katika kwaya, alisema, "Munakumbuka ile giaboksi ya yule Mukenya? Alimuletea muzee ng'ombe ya kuoza!" Walicheka kile kicheko cha msibani, kinachozibwa na kiganja. "Na fundi mwenyewe ni huyu hapa. Masikini, alishinda chini ya gari siku muzima, kumbe anafunga maiti." Wakanigeukia. Mimi nikatabasamu, nikaendelea kuchambua miiba ya samaki. Nilipoinua macho nilimwona Faida amesimama mlangoni mwa jiko na sinia la vikombe. Yeye hakucheka. Giaboksi ile ililetwa kwa ajili yake.

Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na miaka ishirini. Nilikotoka na nilivyofika Amerika siandiki, wengi wenu mmepita njia hiyo hiyo. Nilikuwa nalala sebuleni kwa Papa Byamungu, kwenye hilo kochi, na asubuhi kabla watu hawajaamka nilikunja blanketi na kulificha nyuma yake ili sebule irudi kuwa sebule. Sikuwa msemaji. Nilijibu kwa kichwa. Mtu asiyesema, watu humjazia maneno yao, na mimi nilijaziwa ufundi. Kule Uvira, Kongo, nilikaa chini ya malori miaka miwili, nikafungua klachi na giaboksi za mkono nyingi tu. Hilo nilimwambia Mama Nsimire, mke wa Papa, siku moja jikoni nikimsaidia kuchambua sombe. Jumapili iliyofuata pasta akatangaza kanisani kwamba Mungu ametuletea fundi wa magari. Watu wakapiga makofi. Nilisimama, nikainama, nikakaa. Giaboksi ya otomatiki nilikuwa sijawahi hata kuigusa. Nilikuwa na nafasi ya kusema hivyo siku ile ile, mlangoni mwa kanisa, watu wakinishika mkono. Lakini tangu siku hiyo waliniita Fundi, na nikiri kwamba jina lilinipendeza. Nilikuwa sijawahi kuitwa kitu chochote cha maana.

Papa Byamungu alikuwa na gari la zamani la Kimarekani, milango miwili, injini ya silinda nane, pua ndefu, rangi ya kijani kama chupa ya bia. Alilipata kwa mzungu mmoja aliyefanya naye kazi kiwandani, aliyekuwa anastaafu. Likiwashwa, watoto wote wa apartment walikimbilia dirishani. Maharusi wa kanisa letu walibebwa na gari hilo, na Papa aliendesha mwenyewe, amevaa suti, mkono mmoja dirishani, kana kwamba yeye ndiye anayeoa. Lakini lilikuwa na gia za mkono, na klachi yake ilikuwa nzito kama kusukuma ukuta. Majira ya baridi ya mwaka huo mzigo ulimwangukia Papa kazini, goti la kushoto likaharibika. Daktari alisema atatembea, ila kukanyaga klachi asahau. Nilimwona mara nyingi kupitia dirisha la jikoni, amekaa ndani ya gari pale parking na kikombe cha chai, injini imezimwa, anaangalia mbele kama kuna barabara.

Wakati huo huo Kariuki alikuwa amekuja kumposa Faida. Alikuwa Mkenya, alikuja kusomea uinjinia, akapata kazi nzuri Columbus. Walikutana kwenye mkutano wa makanisa. Wazee wakakaa sebuleni kuzungumza mahari, na mimi, kwa kuwa sebule ndiyo ilikuwa chumba changu, nilikaa jikoni na Mama Nsimire na Faida, tukisikiliza kupitia ukuta. Walipofika kwenye ng'ombe wa baba, yule ambaye mkwe humtolea baba mzazi peke yake, tulimsikia Papa akicheka. "Bon, ng'ombe nitamuweka wapi? Hapa parking? Atakula nini, matairi?" Wazee wakacheka pia. Kisha sauti yake ikabadilika. "Mutoto wangu, mi nataka kitu moja. Nataka kupeleka binti yangu kanisani na gari yangu, naendesha mimi mwenyewe. Mguu umekataa klachi. Wewe unajua mambo ya machine. Unitafutie giaboksi ya otomatiki. Hiyo ndiyo ng'ombe yangu." Kariuki akajibu kwa heshima, "Sawa mzee. Nitakuletea ng'ombe ya chuma." Mama Nsimire alipiga kigelegele na mwiko mkononi. Faida alificha uso kwenye kitenge.

Mwezi wa saba tulikwenda Columbus kuichagua, Papa na mimi. Kariuki alikuwa amepanga nyumba ya mbao huko Linden, rangi imebanduka, lakini gereji ya nyuma ilikuwa safi kuliko jiko la mtu. Alitupikia chapati na ndengu kwa mikono yake, akatunawisha. Kisha akatuonyesha giaboksi mbili juu ya meza. Zote mbili zilitoka kwenye magari ya zamani, na zote alizifungua na kuzijenga upya. Moja ilikuwa ya gia nne, nyingine ya gia tatu. Papa alikwenda moja kwa moja kwa ile ya nne. "Nne ni mingi kuliko tatu," alisema. Kariuki alicheka. "Mzee, hiyo ya nne ni poa kwa haiwei, injini haichoki. Lakini ina kebo fulani, ukiikosea kidogo tu inajiunguza. Tena ni ndefu, itabidi propela, ile shafti ya nyuma, ikatwe. Hii ya tatu haina maneno mingi. Inaingia palepale ya zamani ilikaa. Ni ya kazi." Papa akanigeukia. "Fundi, weye unaonaje?" Nilikuwa sijaelewa nusu ya yaliyosemwa. Nikasema, "Ile ya tatu ni nzuri," kwa sababu ndilo neno la mwisho nililosikia. Papa akanipiga begani kwa furaha. Kariuki aliniangalia kidogo zaidi ya kawaida.

Tukiwa tunapakia, Kariuki alisema angekuja Louisville wikendi ifuatayo kuifunga mwenyewe. Hapo ndipo Papa alipokataa. "Hapana kabisa. Mukwe alale chini ya gari yangu, miguu inje, mafuta kwa uso? Kisha nitamuangalia namna gani? Na mama mukwe akipita?" Kwetu mkwe hakai hata kwenye kitanda cha wakwe zake. Kumweka mkwe chini, wakwe wamesimama juu yake, lilikuwa jambo lisilowezekana. "Fundi yuko," Papa alisema. Kariuki hakubishana. Alinivuta pembeni, akaniuliza polepole, "Umewahi kufunga otomatiki?" Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Akachukua kipande cha katoni na kalamu nene, akaniandikia kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kama mtu anayejua anamwandikia nani. Sikumpa nafasi ya kunisomea. Niliikunja nikaitia mfukoni.

Tuliifunga Jumamosi, mwezi wa nane, wiki mbili kabla ya harusi. Siku kama hiyo ilipaswa kuwa ya watu wawili na utulivu. Badala yake ilikuwa sherehe. Vijana wa kwaya walikuja kuinua na kushika, wanawake walitoa viti kwenye balkoni, Mama Nsimire alikaanga sambusa, na Papa alivaa suti kabisa, kwa sababu alitaka kuzunguka parking mara moja mbele ya watu. Giaboksi ya zamani na klachi nilizitoa vizuri, kazi hiyo niliijua. Shida ilianza na konveta. Hilo ni bakuli zito la chuma, duara kama boga, linalokaa kati ya injini na giaboksi ya otomatiki na kufanya kazi ya klachi. Hulishwa mafuta na pampu iliyo mbele ya giaboksi, na lazima liingie ndani ya pampu hiyo hadi mwisho kabla hujapandisha chochote. Nililisukuma huku nikilizungusha. Likashuka, tok. Nikazungusha tena, tok. Likatulia.

Tulipopandisha giaboksi kwa jeki, ilibaki nafasi ya kidole kati yake na injini. Hazikugusana. Katoni ya Kariuki ilikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kuitoa. Lakini mimi husoma nikifuata maneno kwa kidole na midomo ikicheza, na vijana wa kwaya, waliomaliza shule hapa hapa, walikuwa wamechuchumaa pande zote. Sikutaka Fundi aonekane akisoma kama mtoto. Kule kwenye malori, giaboksi ikibaki nyuma kidogo, tulikuwa tunasema bolti zitaivuta, na zilikuwa zinaivuta kweli. Nikakaza bolti, moja huku, moja kule. Nafasi ikapungua. Nilipofika karibu kabisa nilisikia mlio mdogo ndani, kama mtu anavyovunja kijiti cha kuwashia jiko. Niliusikia. Wengine hawakuusikia, kwa sababu walikuwa wanaimba. Kisha nikakaza bolti zilizobaki.

Papa aliingia, akakaa, akanyoosha mguu wake wa kushoto mahali ambapo klachi ilikuwa, akacheka peke yake kuona hakuna kitu. Akawasha. Vigelegele vikaanza. Chini ya injini kulitoka sauti ya chuma kusaga chuma. Papa akaweka gia, gari halikusogea. Akaongeza mafuta, sauti ikaongezeka, na mafuta mekundu ya giaboksi yakaanza kumwagika kwenye lami, mengi, yakatambaa hadi kwenye viatu vya watu. Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Papa alizima, akashuka, akasimama na suti yake pembeni ya ule wekundu. Hakunifokea. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, ni nini?" Watu wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Papa, hii kitu ilikuwa imeoza ndani."

Nimeyarudia maneno hayo maisha yangu yote. Watu wengine hudanganya kwa hadithi ndefu, mimi sentensi moja ilinitosha. Jioni ile ile, kabla jua halijazama, wazee walikuwa sebuleni na simu iko mezani, sauti imefunguliwa ili wote wasikie. Papa alisema, "Kariuki, umeniletea ng'ombe ya kufa. Mbele ya kanisa langu. Mbele ya bibi yangu." Kariuki alishtuka. "Mzee, hiyo giaboksi niliijenga mwenyewe, kila kipande. Tafadhali nikuje kesho niiangalie." Mzee mmoja akasema wanaomwona mtu mkimbizi humpa takataka, wakidhani hajui. Neno hilo lilimwingia Papa. Nilimwona usoni. Faida alitokea kwenye korido, akasema, "Papa, mwache akuje aangalie tu." Papa akasema, "Nyamaza." Kisha Kariuki akasema, "Naomba niongee na fundi." Simu ikasogezwa mbele yangu. "Bahati, konveta ilishuka mara tatu?" Chumba kizima kilinisubiri. Nikasema, "Ndiyo. Mara tatu." Nadhani alijua. Akasema, "Haya. Asante, ndugu." Mpaka leo hiyo asante inanichoma kuliko matusi yoyote niliyowahi kutukanwa.

Harusi ilivunjika. Jumatatu, Papa alipokwenda kliniki kwa ajili ya goti, niliishusha giaboksi peke yangu. Gia ya pampu ilikuwa imepasuka vipande viwili, na mahali ilipobanwa na konveta palionekana wazi kama alama ya meno. Ndani kwingine kote kulikuwa safi na kupya, kumepakwa mafuta kwa uangalifu, kama kitu kilichotengenezewa mzazi. Ndipo nilipoitoa katoni na kuisoma, kidole chini ya maneno, hakuna aliyeniona. "Konveta itashuka mara tatu. Mara mbili haitoshi. Giaboksi ikutane na injini kwa mkono tu. Ukiona unahitaji bolti kuivuta, SIMAMA." Neno la mwisho alikuwa amelipigia mistari miwili. Niliifunga gia iliyovunjika ndani ya katoni hiyo, nikaitia kwenye begi langu. Kabla ya baridi nikapanda basi kwenda Buffalo, nikisema nimepata kazi. Mama Nsimire alinifungia sambusa za njiani. Papa alinishika kichwa akaniombea, akamwomba Mungu anilipe kwa kazi niliyoihangaikia bure.

Miaka mingi baadaye Faida naye alihamia Buffalo kufanya kazi ya kutunza wazee. Aliolewa na Mrundi mpole, wana watoto wawili, wanakaa Lower West Side, mitaa minne kutoka kwangu. Nimekula kwake Krismasi. Nimembebea mtoto wake kifuani. Na sikusema. Watu wakidhani nilinyamaza kwa sababu nilimpenda, hapana, hiyo ingekuwa sababu yenye heshima kidogo. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kubaki Fundi.

Baada ya msiba, tuliporudi Buffalo, nilikwenda kwake Jumamosi mchana. Alikuwa anasonga fufu. Niliweka katoni juu ya meza, nikaifungua, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Aliacha mwiko ndani ya sufuria. Hakuigusa gia. Aliisoma ile katoni, mara moja, haraka, kama wanavyosoma watu waliosoma, kisha akaweka kidole kwenye neno SIMAMA na kukiacha hapo. Mtoto wake mkubwa aliingia akauliza kwa Kiingereza hicho ni nini. Akamwambia, "Nenda ukacheze." Mimi nikasema, "Dada, nisamehe." Akasema, "Mimi nina bwana yangu, nina watoto yangu. Hapa silii. Lakini yule mutu walimuita mwizi. Na papa yangu amekufa akiamini. Donc, weye unakuja kuniambia mimi, jikoni, mulango umefungwa?" Akanisogezea katoni. "Papa alisema mbele ya watu. Na wewe utasema mbele ya watu. Andika. Uweke jina yako." Nikamwambia siwezi kuandika vizuri. Akachukua mwiko, akaendelea kusonga. "Basi andika vibaya," alisema. "Kaa ule kwanza."

Nilikwenda kwanza Columbus, nikidhani nikimpata Kariuki uso kwa uso sitahitaji kuandika. Hata hapo nilikuwa bado natafuta mlango wa nyuma. Nyumba ya Linden imepakwa rangi mpya, ya njano. Mama aliyefungua mlango alisema hamjui, labda alihama zamani. Gereji ya nyuma sasa ina baiskeli za watoto. Nilisimama pale na katoni mkononi, halafu nikarudi Buffalo na kununua daftari.

Kwa hiyo nasema mbele yenu wote mliokuwa pale parking, na mliosikia kwa wengine, na mliocheka msibani. Giaboksi ya Kariuki haikuwa mbovu. Ilikuwa nzima, niliivunja mimi, nikajua, nikadanganya mara mbili. Kama kuna mmoja wenu anayemjua, ni mtu mrefu, mtaratibu, anapika chapati nzuri, mwambieni hivyo. Na yeyote atakayesoma mpaka hapa, namwomba aniandikie, hata mistari miwili, hata ya kunilaumu. Ninasoma polepole, lakini nitasoma yote, na siku hizi sijali nani ananiona. Kama barua itatoka kwa Kariuki mwenyewe, hahitaji kunisamehe. Aandike tu mahali anapokaa, nimrudishie katoni yake.

Bahati, wa Buffalo